Mume wangu anataka Bobi afundishwe kung'ata

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Tunaishi Madale, Dar es Salaam, kwenye nyumba tuliyohamia kabla haijaisha, kama wengi wa huku. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi. Akiondoka ni wiki tatu, na foleni za mpakani zikizidi ni mwezi mzima. Nyumbani nabaki mimi, watoto na dada wa kazi.

Mwezi wa pili tuliingiliwa. Walikata seng'enge upande wa korongoni, wakachukua pampu ya maji, mtungi wa gesi na nguo zilizokuwa kambani. Vitu hivyo tumeshavisahau. Nisichoweza kusahau ni mmoja wao aliyesimama kwenye dirisha la chumbani akatumulika na tochi, kimya, bila kusema neno. Nililala sakafuni nimewafunika wanangu kwa mwili wangu, nataka kupiga yowe, sauti haitoki. Mpaka leo bati likilia usiku, nashtuka nakaa kitako.

Tuna mbwa, anaitwa Bobi. Mume wangu alimnunua kwa mtu aliyesema ni German Shepherd, ingawa mama yake ni mbwa wa kawaida wa mtaani. Sasa ana miezi kumi na minne, mkubwa, kifua kipana. Usiku ule alikuwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Alibweka sana, tena sana, ila yeye hubweka kila usiku, kwa paka, kwa bodaboda, kwa mbwa koko wa bondeni, kwa hiyo tulimwacha tukaendelea kulala.

Tangu siku hiyo mume wangu anasema mbwa asiyeng'ata ni mzigo. Amempata kijana anayesema aliwahi kufanya kazi ya mbwa kwenye kampuni ya ulinzi. Anataka shilingi laki sita, amchukue Bobi wiki sita nyumbani kwake, amrudishe akiwa anang'ata kwa amri na kuachia kwa amri. Alinionyesha video ya mbwa ananing'inia kwenye mkono wa mtu aliyevaa kinga. Akasema pia watoto waache kumshikashika, mchana afungwe pasipo watu, na chakula chake kitiwe pilipili ili moyo uwe mkali.

Wiki iliyopita likatokea jambo. Kijana wa gesi aliingia getini, Bobi akamrukia na kumshika suruali chini ya goti. Nilimvuta, suruali ikachanika. Kijana alisema hakuumia, nikampa hela ya suruali. Nilipomweleza mume wangu kwa simu alifurahi, akasema, "Ameanza kuwa mwanamume." Mimi sikufurahi, Daktari. Mtoto wangu mdogo humkumbatia Bobi shingoni. Rafiki zake wanaingia kucheza bila hodi. Mama mkwe anakuja mwezi ujao kutoka Korogwe. Na jirani yetu, mzee mmoja mtu wa swala, hupita mbele ya geti letu kila alfajiri kwenda msikitini, na Bobi mara mbili ametoka akamfuata.

Lakini pia nakumbuka ile tochi. Nikisema nisimfundishe, nitajilinda na nini? Mume wangu anataka jibu kabla hajafika Tunduma akirudi. Nishauri, nimpe huyo kijana mbwa au nisimpe?

Mama Eli, Madale

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Kabla sijafika kwa Bobi, nianze na kijana wa gesi, kwa sababu lake haliwezi kusubiri. Mtafute leo. Mwombe akuonyeshe mguu. Kama kuna mchubuko wowote, hata ule usiotoa damu, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali leo hii akaeleze kwamba ameparuzwa na mbwa. Asiseme wiki imeshapita. Kuchelewa ni vibaya, kutokwenda kabisa ni vibaya zaidi. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa binadamu hakina dawa, na nimewahi kusimama pembeni ya kitanda cha mtoto wa namna hiyo. Sitaki kusimulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote waliupata kwa mbwa.

Nimesoma barua yako mara tatu natafuta neno "chanjo", sikuliona. Kama Bobi alichanjwa akiwa mdogo tu, au kadi imepotea, hesabu kwamba hajachanjwa. Nenda ofisi ya mifugo ya kata yako wiki hii, achanjwe, na kila mwaka arudi. Usingoje kampeni za tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Yule kijana pia aambiwe kama Bobi bado yupo na anakula vizuri. Kwa kawaida madaktari hutaka mbwa aliyemng'ata mtu aangaliwe siku kumi, na mbwa aliyepelekwa kwa mtu mwingine hamwezi kumwangalia. Hiyo peke yake inatosha kumzuia Bobi asiondoke nyumbani kwako sasa hivi.

Sasa swali lako. Usimpe.

Nakueleza kwa nini, na naomba haya umsomee baba Eli kwenye simu, maana ninavyomwona ni mtu anayelala mpakani Kasumbalesa akiwaza nyumba yake iko salama au la. Si mtu mbaya, ana hofu, na hofu yake ina haki.

Usiku ule wa mwezi wa pili, Bobi alifanya kazi yake. Umeandika mwenyewe. Alijua watu wapo, akasema kwa nguvu zake zote, na alisema kabla tochi haijafika dirishani. Kilichoshindikana ni kwamba maneno yake yalikuwa hayatofautiani. Paka ni sauti ileile, bodaboda ni ileile, mwizi ni ileile, basi nyumba nzima imejifunza kulala juu ya kelele zake. Mnataka kulipa laki sita kununua meno, wakati mlichokosa ni kusikilizana. Na hata angekuwa na mafunzo ya jeshi zima, alikuwa kwenye mnyororo nyuma ya nyumba. Angemng'ata nani?

Hebu turudi pale sakafuni. Fundi huyu anasema mbwa atang'ata kwa amri. Amri ya nani? Mume wako yupo Kongo. Wewe umefunika watoto, sauti haitoki. Mbwa anayengoja amri angengoja mpaka asubuhi. Na kama unataka mbwa anayeng'ata bila kungoja amri, basi hiyo huna haja ya kuilipia, umeshaiona kwa kijana wa gesi. Mbwa hajui mwizi. Anajua mtu asiyemzoea, mtu anayekimbia, mtu aliyeinua mkono, mtu aliyebeba kitu kirefu begani. Mwizi ni hesabu ya binadamu, inahitaji kujua ni saa ngapi, nani kamwalika nani, na mle begini kuna nini. Mama mkwe wako atakaposhuka kwenye bajaji na kikapu kichwani, akakukimbilia kukukumbatia, Bobi aliyefundishwa kung'ata ataona nini? Nimewahi kumwona akishonwa kijana wa miaka kumi na saba aliyemrukia mjomba wake shingoni kwa furaha, alikuwa amefaulu mtihani. Mbwa alifikiri bwana wake anavamiwa. Mbwa yule alikuwa mtiifu kabisa, alifanya alichofundishwa.

Kuna watu wanaofanya kazi hii vizuri, na ukiwajua utaona pengo. German Shepherd wenyewe walianzishwa kama aina rasmi na Mjerumani, Max von Stephanitz, mwaka 1899, na muda mfupi baadaye wafugaji wa huko wakatunga mtihani wa kuwapima mbwa hao, ambao leo unaitwa IGP. Una sehemu tatu: kufuata nyayo kwa harufu, utii, na ulinzi. Kung'ata ni sehemu moja kati ya tatu, na mbwa haruhusiwi hata kuanza kabla hajafaulu mtihani mwingine wa utulivu, ambako anapitishwa katikati ya watu, baiskeli na magari ili ionekane hasumbui mtu. Ngazi ya kwanza ya IGP anaingia akiwa na angalau miezi 18. Bobi ana 14, asingepokelewa hata getini. Na asiyeachia anapoambiwa achie anashindwa, hata angekuwa ameng'ata kishujaa namna gani. Kumfikisha mbwa hapo si wiki sita, na mwenye mbwa ndiye anayefanya mazoezi naye, kila wiki, na haachi hata baada ya kufaulu. Kuachia katikati ya hasira ndilo somo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kwanza lisiporudiwa.

Kijana wako anaahidi yote hayo kwa wiki sita, na tena kwa mbwa peke yake, mwenye mbwa hayupo. Atakurudishia mbwa anayemjua yeye. Utakuwa na mnyama wa kilo thelathini na kitu mwenye maneno ya siri usiyoyazoea, aliyezoezwa kwamba kung'ata mtu ni kazi nzuri yenye zawadi. Ile video ya mbwa aliyening'inia kwenye kinga haina maana unayoidhani. Mbwa wengi wanaofundishwa harakaharaka wanajifunza kuipenda kinga, kama mwanao anavyopenda mpira. Hiyo kinga mwizi haivai.

Pilipili, tafadhali usimpe. Itamchoma tumbo, atahara, basi. Na kumfunga mchana kutwa pasipo watu hakumfanyi awe jasiri. Mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea watu hasa kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne tangu kuzaliwa, na anachokikosa hapo anakidai maisha yote. Ukija kumtenga tena ukubwani unaongeza woga juu ya woga. Mbwa mwoga akikosa pa kukimbilia anang'ata, na wa kwanza kufikiwa ni yule aliye karibu naye. Nyumbani kwako anayemfikia shingoni ni mwanao wa miaka minne, uso kwa uso. Watoto wengi wanaong'atwa wanang'atwa na mbwa wanaowajua.

Kuna na jambo la sheria ambalo mafundi hawa hawalitaji. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamhesabu kuwa na kosa mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa kutoka kwa mnyama aliye chini yake. Na kwenye madai ya fidia, swali kubwa ni kama mwenye mbwa alijua mbwa wake ni wa kudhuru watu. Nyinyi mtajibu nini, na risiti ya laki sita ya kumfundisha kung'ata iko kwenye simu? Hata kibao cha "Mbwa Mkali" getini hakiwasaidii kama mtoto wa jirani aliyeingia hajui kusoma.

Yule mzee wa alfajiri ananigusa zaidi kuliko ulivyotegemea labda. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, na hapa mbwa anakwenda huko bila hata kuchezewa. Kwa wengi wa Waislamu wa pwani, wafuasi wa Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bobi akimgusa kanzu kwa pua iliyolowa, mzee ameikosa swala ya jamaa ya alfajiri, hata kama hakung'atwa. Dini yake haikukatazi kuwa na mbwa wa ulinzi. Lakini ana haki ya kupita njia yake bila kufuatwa. Nenda kamwombe radhi, wewe mwenyewe, usimtume dada. Mzee anayekuwa macho saa kumi na moja alfajiri kila siku ni mlinzi wa mtaa ambaye hujamlipa chochote, msifarakane naye.

Ungekuwa unaishi peke yako, umetishiwa kweli na mtu unayemjua, huna watoto, una saa nzima kila siku ya kufanya mazoezi na mwalimu anayekufundisha wewe kwa mwaka na zaidi, tungezungumza vingine. Wapo watu wa namna hiyo, wachache. Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi wanao mbwa wa kukamata watu, lakini pale kuna askari ambaye kazi yake ya siku nzima ni yule mbwa, na mbwa akimaliza zamu anarudi bandani, harudi sebuleni kukumbatiwa na wanao na wenzao.

Unachohitaji wewe ni mbwa wa kutoa taarifa, na Bobi ameshaonyesha anaweza. Mwizi wa usiku anataka giza na ukimya. Hapendi nyumba iliyoamka.

Anza kwa kubadilisha mahali anapolala. Nyuma ya nyumba kwenye mnyororo anarushiwa nyama yenye sumu na yanakwisha, na nimepokea mbwa wengi mno wa namna hiyo asubuhi, wengine wakiwa wameshakufa kwenye toroli. Mlaze kwenye baraza ya mbele, ndani ya grili, kwenye gunia lake. Hapo hafikiki kirahisi, anaona geti, na akibweka sauti iko mlangoni kwako. Mnyororo utoe. Mchana ajengewe banda lenye kivuli na maji upande ambao watu wanapita, azoee kuwaona bila kuwafikia, na jioni atembezwe kwa kamba.

Kisha mfundishe maneno manne, wewe mwenyewe, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kwa dagaa waliokaangwa waliokatwa vipande vidogo. "Njoo", na ukimwita usimpige kamwe akifika, hata kama amekula kuku wa jirani. "Kaa". "Mahali pako", aende kwenye gunia lake abaki hapo mgeni anapoingia. Na "basi", ambalo kwa nyumba yako ndilo kubwa. Akibweka, toka ukaangalie, kila mara, kwa wiki mbili za mwanzo. Ukiona ni paka, sema "basi" kwa sauti ya kawaida, ukimwonyesha dagaa puani. Akinyamaza kunusa, mpe. Ukiona kuna mtu getini, msifu kwanza, ndipo useme "basi". Baada ya muda utaona kelele za bure zinapungua, na zile zinazobaki zina maana. Utaanza kumwamini, naye atajua kwamba akisema anasikilizwa. Mwanao wa miaka tisa anaweza kufundishwa naye akusaidie, ukiwapo. Wa miaka minne asiachwe naye peke yake hata kidogo, na hilo la kumkumbatia shingoni likome leo, amkune kifuani wewe ukiwa pembeni.

Kuhusu wageni, weka kengele getini, na Bobi awe amefungiwa au yuko kwenye kamba kabla geti halijafunguliwa. Kijana wa gesi akija tena, akubali kusimama nje ya geti dakika tano. Dagaa utoe wewe, yeye asimpe, kwa sababu tunataka Bobi ajue kwamba mgeni akionekana mama hutoa kitu kizuri, na wakati huohuo tunataka asizoee kula mkononi mwa mtu baki. Hata kitu kilichoanguka chini asile mpaka wewe umemwambia. Hilo linachukua wiki kadhaa na ndilo litakalomwokoa na ile nyama.

Zile laki sita zina kazi. Seng'enge ya korongoni kwanza, ndiko walikopita. Taa mbili za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita, moja korongoni na moja chini ya dirisha la chumbani, yule mwenye tochi amulikwe yeye. Filimbi iwe chini ya mto wako. Sauti inaweza kugoma, pumzi haigomi. Ongea na majirani watatu wa karibu, mkubaliane filimbi ikilia kila mmoja awashe taa zote na apige simu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akupe namba ya polisi kata, na uulize kama ulinzi shirikishi wa Madale unapita upande wenu. Kitakachobaki kiende kwenye chanjo ya Bobi, na kumhasi ukipenda, hatatoroka ovyo kufuata majike alfajiri.

Baba Eli mwambie hivi, kwa maneno yako: hukukataa ulinzi, umekataa kulala na watoto karibu na meno usiyoyaamuru. Akifika Tunduma apige simu, umpe Bobi asikie sauti yake, na akirudi nyumbani mazoezi ya "njoo" na "basi" ayafanye naye yeye mwenyewe siku zote atakazokuwapo.

Na uniandikie kesho kuhusu mguu wa yule kijana.